Kuku Weusi wa Baba na Herufi Mbili

Nyumba ya nyuma ya zahanati,
S.L.P. 46.
Jumapili, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa Mziwanda wetu,

Kabla ya lolote nataka kujua goti lako linaendeleaje. Barua yako ya mwezi uliopita ilijaa habari za cherehani na majirani, lakini goti uligusia kwa mstari mmoja tu, "si mbaya." Nakujua. Ukiandika "si mbaya" maana yake unapanda ngazi kwa kukaa. Shemeji je, na wale wapwa zangu wawili wasioandika? Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri na kulalamika vizuri, na kikohozi chake kimeondoka tangu tarehe 22 Julai. Mimi nilisumbuliwa na jino siku nne, likang'olewa, nikapona.

Uliniuliza mambo mawili. La kwanza, mtu anaanzaje kuzalisha kuku wa maonyesho. La pili, kama kuna ubaya wowote ukimwachia yule jogoo mweusi niliyekutumia matetea wa kahawia wa jirani yako ili upate mayai makubwa. La pili nalijibu hapa hapa kabla hujasoma zaidi: usithubutu. Mtenge leo, peke yake, na mlango ufungwe kwa komeo, si kwa kamba. Sababu iko mbele, na ukiifikia utakaa chini, kwa hiyo kaa kabisa sasa hivi, goti lipumzike.

La kwanza nitalijibu kwa kukueleza alivyoanza kaka yetu mkubwa, Mwenyekiti. Ukifanya kinyume cha kila alichofanya yeye, utakuwa umeanza vizuri sana.

Mwenyekiti ni yule yule uliyemwacha. Tangu aongoze kamati ya harusi yako hajashuka kitini. Ameongoza kamati ya mtaro, kamati ya taa za njiani, na kamati ya kuangalia kwa nini kamati ya mtaro haikuchimba mtaro. Shajara yangu inasema tarehe 1 Februari mwaka jana alirudi kutoka maonyesho ya kuku katika ukumbi wa shule akiwa amenuna. Yeye ndiye aliyefungua shughuli kwa hotuba ya dakika arobaini. Utepe mwekundu ukaenda kwa fundi viatu wa pale kona, ambaye hakuhutubia mtu, ila alikuja na jogoo mmoja ndani ya kikapu.

"Fundi viatu!" kaka alimwambia wifi, huku akivua vile vile viatu vilivyoshonwa na mtu huyo. "Mtu anayeshinda amekaa chini!"

"Na wewe ulipeleka kuku gani?" wifi akauliza.

Hakupeleka kuku. Hakuwa na kuku. Kwa Mwenyekiti hilo ni jambo dogo la utekelezaji.

Akakata shauri kuwa mfugaji. Alianza na kibao, kimeandikwa BANDA LA MABINGWA kwa rangi ya njano. Kisha kofia kumi na mbili. Kisha muhuri wa chama cha wafugaji, chama chenyewe kina wanachama kumi na mmoja na wenye kuku ni wanne. Kuku walikuja mwisho. Aliokota kumi na mmoja wa aina tisa: mwenye shingo tupu, mwenye manyoya yaliyosokotana kama nywele za asubuhi, mfupi kama chungu, mrefu kama ufagio, mradi kila aliyemwona na kusema "huyu kiboko" alimbeba. Wote banda moja, majogoo wanne humo humo. Nilipomuuliza atajuaje kifaranga gani ni wa jogoo gani, akanijibu kwamba yeye si mahakama.

Vifaranga vilipoota manyoya vilifanana na vile vipande unavyofagia chini ya cherehani jioni. Hakukuwa na viwili vya kufanana. Yeye akasema huo ndio utajiri.

Nilijaribu kumwambia, Mziwanda. Nilimwambia kwenye maonyesho jaji haangalii kuku mzuri, anaangalia kuku aliye sawasawa na maelezo ya aina yake. Kwa hiyo unachagua aina moja, unaandika kwenye karatasi kuku kamili wa aina hiyo awe vipi, halafu miaka mitatu unakimbilia karatasi hiyo. Alinisikiliza kama anavyosikiliza tangazo la msiba wa mtu asiyemjua.

"Bi Faili," akasema, "kuku hawajui kusoma."

Jina hilo amelipenda. Sasa hata wauguzi ninaowatunzia mafaili huku zahanati wananiita hivyo.

Basi nikaanza ya kwangu. Unakumbuka Baba alipofariki tuligawana kila kitu kwa siku moja, hadi vijiko, na waliobaki uani bila mwenyewe walikuwa kuku wake weusi wa kishungi. Hakuna aliyewataka. Miaka ishirini aliwatunza wale kuku, na sisi tulidhani ni wale wale siku zote, kumbe alikuwa akichagua kimya kimya. Weusi mpaka kucha, kishungi kimesimama kichwani kama kofia iliyopigwa pasi. Mtaa mzima hawapo wengine. Hata fundi viatu alikuja kuwaangalia akavua kofia yake, naye si mtu wa mbwembwe. Alisema damu hii ikikatika hapa, yeye hajui pengine pa kuitafuta.

Tarehe 1 Machi mwaka jana niliwatenga. Majogoo wawili, kila mmoja na matetea wake wanne, kila familia banda lake. Mayai niliyaandika kwa penseli, tarehe na banda, upande ulio butu. Vifaranga nilivivisha pete za plastiki zenye nambari siku ya saba. Nilipima kila mwezi. Nilianza na uhai kabla ya urembo: anayepumua kwa kelele, anayechechemea, anayewaachia wenzake chakula, huyo hata awe mweusi kama lami hazalishi kwangu. Baada ya hapo ndipo naangalia kishungi, miguu, mgongo, mkia. Na sikuwaweka pamoja wawili wenye kasoro moja, kwa sababu kasoro zikikutana hazifutani, zinajengana.

Jogoo wako ni wa mwaka ule. Pete yake ni nambari 4, kaiangalie. Nilikutumia mwezi wa Novemba kwa maneno matamu, lakini ukweli ni kwamba nilimtoa. Kishungi chake kinalala kushoto kama kofia ya mlevi. Nilijiambia huko aliko Mziwanda hakuna jaji atakayemwona.

Mwezi Februari mwaka huu yakaja maonyesho mengine. Wa kwangu niliowategemea walikuwa bado vifaranga vya Januari, sikupeleka kitu. Mwenyekiti alipeleka jogoo aliyemwita mweusi. Alikuwa mweusi isipokuwa pale alipokuwa mweupe: manyoya matatu bawani na moja mkiani. Asubuhi hiyo nilimwona uani kampakata jogoo, ana brashi mkononi na kopo la dawa ya viatu. Kaka yetu. Umri wa miaka hamsini na sita.

Na jaji, kwa kuwa alishinda mwaka uliotangulia, alikuwa fundi viatu.

Mziwanda, sijui alifikiri nini. Kopo lile alilinunua pale kona, kutoka kwenye mkono ule ule. Fundi akamnyanyua jogoo taratibu, akafungua bawa, akatoa leso nyeupe, akapitisha mara moja. Leso akainusa.

"Mwenyekiti," akasema kwa upole kabisa, "kupiga brashi amepigwa vizuri. Amebakiza soli tu."

Watu walicheka mpaka viti vikagonga ukuta. Wifi alijifunika uso kwa mkoba. Kaka akatoka na jogoo wake kwapani, na shati limeingia weusi mpaka leo, akisema ukumbi ule una mwanga mbaya.

Ungedhani amejifunza. Mwezi wa Machi alikuwa na wageni wa chama kutoka mji mwingine, na bandani kwake hapakuwa na cha kuonyesha, akaazima wakubwa wangu wote wa kishungi, wazee wa Baba na watoto wao wa mwaka jana, wawe mapambo kwa siku mbili. Kuku wake hakuwa amewachanja, kwa maelezo kwamba chanjo inaondoa ukali. Ugonjwa wa mdondo ukaingia banda la mabingwa. Wazee wa Baba na watoto wao walikwisha wote ndani ya siku sita. Niliandika kila mmoja na saa yake. Kaka aliandaa hotuba ya rambirambi, nikamfungia mlango.

Wakabaki tisa tu, vijana waliototolewa Januari, ambao niliwachanja kwa mkono wangu na hawakutoka kwangu: majogoo wawili, matetea saba. Damu yote ya wale weusi huku kwetu ikawa imekaa kwenye migongo tisa. Na ndio waliokuwa bora kuliko wote nilioshika. Jogoo nambari 12, Mziwanda, ungemwona. Niliisoma ile karatasi ya kuku kamili nikimwangalia yeye, mstari kwa mstari, na kalamu yangu haikupata pa kusimama.

Tarehe 11 Julai, Jumamosi, nilifanya uchaguzi wa mwisho. Niliwashika mmoja mmoja mezani, nikaandika nambari zao kwenye daftari la banda, lile linaloning'inia msumarini. Sita walikuwa wa kuzalisha na kupeleka maonyesho: majogoo wote wawili na matetea wanne. Watatu walikuwa na kasoro, hao nilitaka kuwatoa. Mbele ya wale sita nikaandika CH. Mbele ya wale watatu nikaandika T. Chagua. Toa. Nani asiyeelewa?

Jumanne tarehe 14 nikaenda semina ya siku tatu. Semina ya utunzaji wa kumbukumbu, usicheke. Nilimwachia wifi ufunguo, nikamwachia na chakula cha kuku kwenye debe.

Jumatano kamati ya maonyesho ikakutana nyumbani kwa Mwenyekiti. Watu kumi na wanne. Wifi akasema nyama hakuna. Kaka akasema kuku wapo, dada anapunguza, na safari hii hataki lawama, atafanya kwa utaratibu. Akaenda bandani kwangu akachukua daftari msumarini.

Niliporudi Alhamisi mchana, nilimkuta ananisubiri getini, anatabasamu kama mtoto aliyepata mia kwa mia.

"Bi Faili, leo utanisifu."

"Kwa lipi, kaka?"

"Nimefuata daftari lako neno kwa neno. CH, chinja. T, tunza. Sikugusa T hata mmoja!"

Akanipa daftari. Mbele ya kila CH ameweka alama ya vema kwa kalamu nyekundu. Na pete sita alikuwa ameziosha, akazipanga kwenye waya kwa nambari, kutoka ndogo hadi kubwa, kwa sababu anajua napenda mambo yakae kwa nambari.

Nyuma yake wifi alikuwa anaangalia ukuta. "Nilimwambia," akasema. "Nilimwambia, baba, mbona hawa ndio wazuri? Akaniambia daftari limesema."

"Si limesema?" akauliza yeye. Tabasamu lilikuwa bado liko usoni, limesahaulika pale. "Limesema au halijasema?"

Kuku hawajui kusoma, kweli, wangejua wangekimbia. Lakini kaka anajua kusoma, na alisoma kilichoandikwa. Kwenye mlango wa masjala yangu kuna karatasi niliyoibandika mwenyewe mwaka wa kwanza wa kazi: ANDIKA NENO ZIMA. Nimerudisha mafaili ya wauguzi mara mia kwa sababu ya vifupisho. Nimewaambia watu wazima mbele ya wagonjwa kwamba kifupisho ni uvivu wa kichwa. Halafu mimi, Bi Faili, nikachukua damu ya kuku wa Baba nikaitundika msumarini kwa herufi mbili.

Nimemdharau kaka yetu kurasa zote hizi na sifuti hata mstari. Dawa ya viatu ni dawa ya viatu. Wazee wa Baba walikufa bandani kwake. Ila siku pekee maishani mwake aliyofuata utaratibu, utaratibu wenyewe ndio uliokuwa mbovu, na mwandiko ni wangu. Usiku ule kwenye shajara niliandika: "Dharau yangu leo haikwenda mbali, imeishia kwangu."

Sasa unaelewa kwa nini nimekuambia ukae. Jogoo wa damu ile aliyebaki duniani ni mmoja, ni yule wa kofia ya mlevi, na wewe unataka kumwachia kuku wa kahawia wa jirani. Akifa kabla hajapata tetea wa damu yake, basi. Tutakuwa na picha ya Baba ukutani na vijiko.

Kwa hiyo hivi ndivyo utakavyoanza, na ndilo jibu la swali lako la kwanza. Katika wale watatu wa T nimebaki na mmoja, nambari 17, kwa sababu si busara wote kuwa mahali pamoja. Wawili wanakuja kwako Jumamosi tarehe 15 na dereva wa gari la dawa, mtu mzima, hasemi sana, mpe maji ya kunywa. Nambari 15 ana unyoya mmoja mweupe mkiani, lakini kishungi chake kimesimama wima kuliko wote, ndiyo maana anakuja kurekebisha cha mumewe. Nambari 21 ana miguu iliyofifia na hasira nyingi, lakini kifua kipana. Jogoo ni mjomba wao. Kwa binadamu ni aibu, kwa kuku ni kazi. Usije tu ukakutanisha vifaranga kaka na dada.

Wachanje kwanza. Waache wiki mbili peke yao wazoee. Kila yai liandikwe. Wakitotoa usimpende yeyote kabla ya mwezi wa tano, na usimwache mtu yeyote akuambie "huyu kiboko." Wengi watakuwa na weupe mahali fulani, au kofia itaanguka kushoto, hao watoe bila machozi. Akipatikana jogoo mmoja mwenye kichwa cha nambari 15 na mgongo wa nambari 4, nirudishie. Mwaka wa keshokutwa huenda tukawa na kuku wa kupeleka. Mwaka kesho hatuna. Huo ndio urefu wa kazi yenyewe, na asiyeuweza anunue kofia.

Karatasi ya maelezo ya kuku kamili nimekunakilia, imo humu. Nimeisoma mara tatu. Hakuna kifupisho hata kimoja.

Sanduku la safari alilitengeneza Mwenyekiti. Sikumwomba. Jana asubuhi nilisikia msumeno uani, nikamkuta amepiga magoti, ametoboa matundu ya hewa pande zote nne, yote sawa, na ameweka majani makavu chini. Hakutoa hotuba. Alikata kile kibao cha BANDA LA MABINGWA akakitumia kuwa mfuniko, upande wenye maandishi ameulaza ndani. Kisha akachovya brashi kwenye rangi, akanitazama.

"Niandike nini juu?"

"Tunza."

"Zima?"

"Zima."

Akaandika, herufi kubwa, polepole, ulimi umemtoka pembeni kama alipokuwa darasa la pili. Akarudi nyuma akalitazama. "Halina maana nyingine?" akauliza. Nikamwambia halina. Akatikisa kichwa kama mtu asiyeamini tena maneno, akainama, na chini yake akaongeza kwa hiari yake: USICHINJE.

Nilikuwa na la kusema kuhusu nafasi kati ya mistari. Sikulisema.

Mama anakusalimu na anataka picha ya goti, sijui kwa nini. Wifi anakusalimu sana, anasema ungekuwepo angecheka mapema zaidi. Nisalimie shemeji, wapwa zangu, na yule jirani wa kuku wa kahawia, mwambie hatuna ugomvi ila jogoo hatoki. Mungu akupe goti jipya na subira ya zamani, na akulindie huyo mlevi wa kofia mpaka Jumamosi.

Akupendaye kwa neno zima,

Dada yako.